Jinsi ya Kulinganisha Viunzi vya Utekelezaji Kabla ya Kuingiza Huduma Mpya Wodini

Mwezi Januari 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali nane za miji minane, miongoni mwao London, Toronto, Manila na Ifakara, ambako vyumba vya upasuaji vilianza kutumia orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19. Vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa yanayofuata upasuaji yakapungua kutoka asilimia 11 hadi 7. Mwaka 2014 watafiti wa jimbo la Ontario nchini Kanada walitazama hospitali 101 zilizokuwa zimeanza kutumia orodha za aina hiyo, nao hawakuona mabadiliko ya maana: vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla na 0.65 baada, tofauti ambayo kitakwimu haikuweza kutenganishwa na bahati, ilhali hospitali zenyewe ziliripoti kwamba orodha hujazwa karibu katika kila upasuaji.

Wapo wanaosema kwamba vifo vya Ontario vilikuwa vichache tangu mwanzo na hivyo nafasi ya kuvipunguza ilikuwa ndogo, na hoja hiyo ina uzito. Wapo pia wanaokumbusha kwamba orodha inaweza kujazwa alama zote bila daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi na muuguzi kusemezana hata neno moja, na yeyote aliyewahi kusimama katika chumba cha upasuaji chenye haraka anajua kwamba hilo hutokea. Swali linalobaki mikononi mwa msimamizi wa wodi, mratibu wa ubora au mtafiti ni lile ambalo jaribio la kitabibu halikuundwa kulijibu: huduma iliyothibitika kufaa inaingiaje katika kazi za kila siku, na inabakije humo baada ya wageni wa mradi kuondoka?

Viunzi vya utekelezaji, yaani mipangilio ya dhana, maswali au hatua inayoongoza namna ya kuingiza huduma mpya na kuipima, vilibuniwa kwa ajili ya swali hilo. Tatizo ni wingi wake. Mapitio yaliyotolewa mwaka 2012 yalihesabu modeli 61, na mapitio mengine ya mwaka 2018 yalikuta nadharia, modeli na viunzi 159 vilivyotumika katika tafiti, vingi kati yake vikiwa vimetumika katika tafiti chache mno. Watu wengi huchagua kile walichofundishwa chuoni au kile ambacho mfadhili anakipenda. Sioni ubaya wa kukipenda kiunzi unachokifahamu, lakini ninaona hasara kubwa pale timu inapotumia miezi sita kujibu kwa ufasaha swali ambalo hakuna mtu wodini aliyekuwa nalo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvilinganisha viunzi kwa kuanzia kwenye tatizo lenyewe.

Andika kwanza sentensi moja

Kabla ya kufungua makala yoyote kuhusu viunzi, andika sentensi moja inayotaja huduma, anayeitoa, anayeipokea, mahali, kiwango unachokitaka na hali ilivyo sasa. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho, nao ni wa kumbeba mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, utaratibu ulioanzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ushahidi wake ni imara. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lililofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, lilionesha kwamba watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 walioanza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa walifariki kwa asilimia 12.0 ndani ya siku 28, ikilinganishwa na asilimia 15.7 ya wale waliosubiri hadi hali yao itulie. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtoto njiti au mwenye uzito mdogo abebwe hivyo mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Sentensi yetu basi inaweza kusomeka hivi: tunataka kila mtoto njiti aliyelazwa katika wodi ya watoto wachanga abebwe ngozi kwa ngozi na mama yake, au na ndugu aliyechaguliwa na mama, kwa saa zisizopungua 8 kila siku kuanzia siku ya kwanza, wakati ambapo kwa sasa wengi hubebwa kwa dakika chache tu na saa zenyewe haziandikwi popote. Ukishindwa kuiandika sentensi ya namna hii, usiendelee. Kulinganisha viunzi bila sentensi hiyo ni kulinganisha funguo bila kujua mlango.

Chini ya sentensi hiyo andika ni swali lipi kati ya matatu linalokusumbua zaidi. La kwanza ni la mpangilio: tuanzie wapi, tufuate hatua zipi? La pili ni la sababu: kwa nini jambo hili halifanyiki ingawa kila mtu anakubali kwamba ni zuri? La tatu ni la tathmini: tutajuaje kwamba limefanyika, na limewafikia nani? Mgawanyo huu ndio aliouweka mtafiti wa Sweden Per Nilsen mwaka 2015 alipovipanga viunzi kwa makusudi yake: kuna modeli za mchakato, kuna nadharia na viunzi vinavyoeleza vichocheo na vikwazo, na kuna viunzi vya tathmini. Kwa maoni yangu huo ndio msaada mkubwa kuliko wote kwa anayeanza, kwa sababu humwonesha kwamba mabishano mengi kuhusu kiunzi kipi ni bora zaidi huhusu viunzi visivyofanya kazi moja.

Kisha kaa wodini ukaone

Kiunzi hulinganishwa vizuri zaidi kikiwekwa juu ya jambo halisi, lililoonekana kwa macho. Tuchukue wodi ya kubuni. Ni saa tatu usiku. Muuguzi mmoja anahudumia watoto njiti kumi na wawili. Kuna viti viwili vya plastiki, na kimoja kimevunjika mgongo. Mlangoni limebandikwa bango la zamani, wino wake umefifia, linalosema akina mama wataingia wakati wa kunyonyesha tu. Mama mmoja amesimama nje ya mlango huo akiwa na kitenge mkononi, kwa sababu mchana alifundishwa kumfunga mtoto kifuani. Muuguzi hamfukuzi, wala hamwiti. Ndani, katika ukuta uleule, kuna mwongozo mpya uliochapwa kwa rangi unaosema saa 8 hadi 24.

Tazama bango lile. Nadhani si kitu kidogo, na nitalitumia kama jiwe la kupimia. Chukua kila kiunzi unachokifikiria, kiulize: wewe unaliona bango hili wapi, unalieleza vipi, na unanielekeza nifanye nini nalo? Majibu ndiyo yatakayokuonesha tofauti ya viunzi kwa haraka kuliko jedwali lolote la kitaaluma.

Bango machoni pa CFIR

Kiunzi kinachojulikana zaidi katika kundi la vichocheo na vikwazo kilitolewa Marekani mwaka 2009 na Laura Damschroder na wenzake, kikachotwa kutoka kwa nadharia na modeli 19 za awali, na hufahamika kwa kifupi cha CFIR. Kina nyanja tano: huduma yenyewe, mazingira ya nje ya taasisi, mazingira ya ndani, watu wanaohusika, na mchakato wa utekelezaji. Ndani ya nyanja hizo kulikuwa na dhana 39, na toleo la mwaka 2022 limezipanga upya, likiyapa uzito zaidi majukumu na mahitaji ya watu, wakiwemo wanaopokea huduma.

CFIR italiweka bango letu katika mazingira ya ndani, penye sera za taasisi, utamaduni wake na rasilimali zilizopo. Itakutaka pia uulize kama kuna shinikizo la nje, kwa mfano kanuni za udhibiti wa maambukizi ambazo uongozi unaamini zinakataza watu kuingia. Itakukumbusha kiti kilichovunjika, idadi ya wauguzi usiku, msimamo wa daktari bingwa, na kama kuna mtu aliyepewa dhamana ya jambo hili. Nguvu yake ni upana: ni vigumu kusahau kitu ukiwa nayo mkononi. Kwa mradi unaohusisha hospitali kadhaa unaotaka kujua kwa nini moja imefaulu na nyingine imekwama, sijaona kiunzi kinachofaa zaidi, hasa kwa kuwa watumiaji wake wamezoea kukipa kila kipengele alama kuanzia hasi mbili hadi chanya mbili, na hivyo hospitali zinaweza kuwekwa bega kwa bega.

Udhaifu wake unatoka papo hapo kwenye upana huo. Timu isiyo na mtafiti mzoefu huandaa dodoso la maswali arobaini, huwahoji watu ishirini, hupata orodha ndefu ya vikwazo, kisha huishia hapo. CFIR haikuahidi kukuambia uanze na kikwazo kipi. Ukiitumia, chagua mapema dhana nane au kumi ambazo ulichokiona wodini kinazigusa, na uandike kwa nini umeziacha nyingine.

Bango machoni pa TDF na COM-B

Kiunzi cha pili kinashughulikia tabia. Wanasaikolojia wa afya wa Uingereza wakiongozwa na Susan Michie walikusanya mwaka 2005 nadharia nyingi za tabia ya binadamu, wakazipanga katika nyanja 12, na mwaka 2012 zikarekebishwa kuwa 14. Hiki ndicho kinachoitwa TDF. Kati ya miaka hiyo, mwaka 2011, ilitolewa COM-B, modeli nyepesi zaidi inayosema kwamba tabia hutokea pale panapokuwa na uwezo, fursa na motisha kwa pamoja.

Hapa bango halitazamwi tena kama sera. Kinachotazamwa ni muuguzi asiyemwita mama. Je, anajua kwamba mwongozo umebadilika? Ana ustadi wa kumhamisha mtoto mwenye mrija wa oksijeni na kumweka kifuani bila mrija kuchomoka? Anaamini nini kuhusu matokeo: kwamba mama ataleta maambukizi, kwamba mtoto akibadilika rangi kifuani lawama itamwangukia yeye? Wenzake wa zamu watamwonaje? Anaona kazi hiyo ni ya muuguzi au ni ya mama? Kila jibu linaangukia nyanja yake, na faida kubwa ni kwamba kila nyanja imeunganishwa na aina za hatua zinazoweza kuibadilisha. Hofu ya kulaumiwa haiponywi kwa semina. Ukosefu wa ustadi hauponywi kwa bango jipya. Nimeona ratiba nyingi za utekelezaji ambazo dawa yake pekee ni mafunzo, na TDF ndiyo inayokulazimisha useme waziwazi kwamba tatizo lako halikuwa elimu.

Lakini kiunzi hiki kina mpaka wake. Kikitumiwa peke yake kinaweza kumfanya muuguzi aonekane ndiye tatizo, wakati ana watoto kumi na wawili na kiti kimoja kizima. Nyanja ya mazingira na rasilimali imo ndani yake, ila ni moja kati ya kumi na nne, na mhoji mwenye haraka huipita. Ukilinganisha CFIR na TDF, basi, jiulize kama kinachohitaji kubadilika ni kitendo cha mtu fulani kinachoweza kutajwa kwa kitenzi kimoja, yaani kumwita, kumfunga, kuandika, au ni mpangilio wa taasisi nzima. Jibu likiwa la kwanza, anza na TDF. Likiwa la pili, anza na CFIR. Likiwa yote mawili, na mara nyingi huwa hivyo, nitarudi kwenye suala la kuviunganisha.

i-PARIHS, na nadharia ya mazoea

Kiunzi cha PARIHS kilitolewa mwaka 1998 na Alison Kitson na wenzake, nacho kilidai kwamba mafanikio hutegemea ushahidi, mazingira na uwezeshaji. Toleo lake la mwaka 2016, i-PARIHS, linazungumzia huduma mpya, wapokeaji wake, mazingira, na uwezeshaji kama nguvu inayoviamsha vyote vitatu. Kuhusu bango, kiunzi hiki kina swali moja ambalo wengine hulitaja kwa mbali tu: ni nani atakayelibandua, ana mamlaka gani, na amejifunza wapi kuongea na msimamizi wa udhibiti wa maambukizi, matroni na akina mama kwa wakati mmoja? Kama hospitali yako ina mtu wa kutenga kwa kazi ya uwezeshaji, au unaweza kumpata, i-PARIHS kitakufaa sana. Kama hakuna mtu na hakuna bajeti ya mtu, kitakufadhaisha, kwa sababu injini yake itakuwa haipo.

Nadharia ya kufanya jambo liwe la kawaida, iliyoandikwa na Carl May na Tracy Finch mwaka 2009 na inayojulikana kwa kifupi cha NPT, huuliza kazi gani watu hufanya ili kitu kipya kiwe mazoea: wanakielewa kuwa na maana gani, wanajiunga nacho vipi, wanagawanaje kazi zake, na wanakitathmini vipi kadiri siku zinavyokwenda. Machoni pake bango ni ushahidi kwamba mama bado anachukuliwa kama mgeni wa wodi, na kwamba hadi atakapohesabiwa kama mmoja wa watoaji wa huduma, saa 8 zitabaki ndoto. Ninaithamini sana nadharia hii kwa huduma ambazo zimekwisha anza na zinayumba. Kwa kupanga mwanzo, wauguzi wengi huiona nzito, na lugha yake inahitaji kutafsiriwa kuwa maneno ya wodini kabla ya kuifikisha kikaoni.

Modeli za mchakato

Hizi nitazipita haraka, kwa kuwa zinafanana kuliko watetezi wake wanavyokiri. Modeli ya kutoka maarifa hadi vitendo iliyotolewa Kanada na Ian Graham na wenzake mwaka 2006 ina mzunguko unaoanzia kwenye kutambua tatizo, kurekebisha maarifa yalingane na mahali, kupima vikwazo, kuchagua hatua, kufuatilia, kutathmini na kudumisha. EPIS, iliyotoka mwaka 2011 katika huduma za umma za afya ya akili na ustawi wa watoto nchini Marekani, ina awamu nne: kuchunguza, kuandaa, kutekeleza na kudumisha, huku ikiyatazama mazingira ya nje na ya ndani katika kila awamu. Modeli ya Iowa, iliyoandikwa na wauguzi kwa ajili ya wauguzi na kufanyiwa marekebisho mara ya mwisho mwaka 2017, huenda kwa maswali ya ndiyo na hapana: je, jambo hili ni kipaumbele, je, ushahidi unatosha, je, tuendelee?

Kwa timu ya wodi moja, Iowa ndiyo rahisi kushika bila mkufunzi. Kwa mpango wa wilaya au wa nchi, EPIS ina faida ya kukumbusha mikataba, fedha na sera tangu mapema. Jambo la kuangalia ni iwapo modeli inakuambia bango libanduliwe katika awamu gani. EPIS itasema katika maandalizi, kabla ya mama wa kwanza kufundishwa kumfunga mtoto. Katika wodi yetu ya mfano mafunzo yalitangulia, na ndiyo maana yule mama alikuwa amesimama nje na kitenge chake.

Viunzi vya tathmini

RE-AIM ilitolewa mwaka 1999 na Russell Glasgow na wenzake, nayo hupima mambo matano: huduma imewafikia wangapi na akina nani, imefanya kazi kiasi gani, imepokewa na vituo na watoaji wangapi, imetekelezwa kama ilivyokusudiwa, na imedumu. Uzuri wake unaonekana ukizidisha namba. Tuseme wodi 8 kati ya 10 zimekubali kuanza, ndani ya wodi hizo zamu 6 kati ya 10 zinaufuata utaratibu, na katika zamu hizo watoto 5 kati ya 10 wanafikisha saa zinazotakiwa. Kila namba ukiisoma peke yake inaleta moyo, lakini 0.8 mara 0.6 mara 0.5 ni 0.24, yaani watoto 24 kati ya 100. Hesabu hii fupi imewahi kubadilisha vikao kuliko ripoti ndefu, na ningependa kila mratibu wa ubora aifanye kwa namba zake mwenyewe.

Orodha ya matokeo ya utekelezaji iliyotolewa na Enola Proctor na wenzake mwaka 2011 ina vipengele vinane: kukubalika, kupokewa, kufaa, kuwezekana, kufuata mwongozo kwa uaminifu, gharama, kuenea ndani ya taasisi, na uendelevu. Ukilinganisha viwili hivi, RE-AIM huitazama jamii nzima na kuuliza nani ameachwa, wakati orodha ya Proctor huingia ndani zaidi katika hisia za watoaji na gharama za taasisi. Wodi inayojaribu kitu kwa mara ya kwanza inahitaji zaidi kujua kama kinakubalika na kinawezekana, na mpango uliokwisha enea unahitaji zaidi kujua umemfikia nani. Hakuna hata kimoja kitakachoeleza kwa nini namba ni ndogo, kwa hiyo usikilaumu kwa kukaa kimya juu ya hilo.

Vigezo vya kuamua

Baada ya kulipitisha jambo lako halisi mbele ya viunzi vitatu au vinne, chukua karatasi moja. Viandike upande wa kushoto, na juu uandike vigezo. Chombo kiitwacho T-CaST, kilichotolewa mwaka 2018 kwa kazi hii hasa, kinakusanya vigezo katika makundi manne, yaani urahisi wa kutumia, uwezekano wa kupimika, kufaa kwa mahali na kwa huduma husika, na kukubalika na watu watakaokitumia. Mimi huongeza maswali mawili. Moja ni kama kuna dodoso au mwongozo wa mahojiano uliokwisha kuandaliwa na kufanyiwa majaribio katika lugha ya watu watakaojibu, kwa sababu kutafsiri dodoso vizuri, kulirudisha katika lugha ya awali na kulijaribu ni kazi ya miezi, na tafsiri ya haraka huleta majibu ya uongo bila mtu yeyote kukusudia. Jingine ni kama kiunzi kiliundwa au kimetumika mahali penye uhaba wa watumishi na vifaa. Viunzi vingi vilizaliwa mahali ambapo kiti kilichovunjika hubadilishwa wiki hiyohiyo, na ndani yake suala la vifaa ni mstari mmoja tu, wakati katika wodi nyingi duniani ndilo nusu ya habari.

Usijumlishe alama ukadhani jumla kubwa ndiyo jibu. Kigezo cha kufaa kwa swali lako kikikosa, vingine vyote havina maana, hata kama kiunzi hicho ni rahisi na kina madodoso mazuri. Mshirikishe pia muuguzi wa usiku na mama mmoja katika kuipitia karatasi hiyo. Huhitaji kuwatajia majina ya viunzi. Wasomee maswali yake, uone ni yapi yanawafanya waseme kwa kirefu.

Kuunganisha viwili bila kuvuruga

Kwa kuwa kila kundi lina kazi yake, mara nyingi utahitaji viunzi viwili, na mara chache vitatu. Muunganiko unaoeleweka kwa urahisi huchukua kimoja cha mpangilio au cha sababu, pamoja na kimoja cha tathmini. CFIR na RE-AIM hukaa pamoja vizuri, kwa kuwa cha kwanza hueleza kwa nini namba za cha pili ziko kama zilivyo. CFIR na TDF pia hutumika pamoja, mradi ugawe eneo mapema: TDF kwa vitendo vya watoaji na walezi, CFIR kwa taasisi na mazingira yake, na uamue kabla ya kuanza uchambuzi kwamba rasilimali zitahesabiwa upande gani. Usipoamua, kiti kilichovunjika kitaandikwa mara mbili, huku kwa jina la mazingira ya ndani na kule kwa jina la nyanja ya rasilimali, na utakapoandika ripoti kitaonekana kikwazo kikubwa mara mbili ya kilivyo.

Andika sababu ya kila kiunzi kwa sentensi moja. Ukijikuta unaandika kwamba cha tatu kimeongezwa ili kazi iwe na nguvu zaidi, kiondoe.

Kutoka kwenye kikwazo hadi kwenye hatua

Hapa ndipo pengo kubwa lilipo, na viunzi vyenyewe havilizibi vyote kwa usawa. TDF na COM-B vina chombo chao kiitwacho gurudumu la kubadili tabia, chenye aina 9 za hatua, kama vile kuelimisha, kufundisha kwa vitendo, kuonesha mfano, kuwezesha na kurekebisha mazingira. Kwa viunzi vingine, tumia orodha ya mikakati 73 iliyokubaliwa na wataalamu katika mradi uitwao ERIC na kuchapishwa mwaka 2015. Humo utakuta kutafuta na kuandaa vinara wa ndani, kutoa mrejesho wa takwimu, kubadili muundo wa majengo na vifaa, kurekebisha majukumu ya watumishi na mengine mengi. Chagua mikakati michache, na kila mmoja uufunge kwa kamba kwenye kikwazo ulichokiona: nani ataufanya, lini, mara ngapi, na utagusa nini.

Kwa wodi yetu, karatasi ya mwisho ingeweza kuwa fupi sana. Matroni na msimamizi wa udhibiti wa maambukizi wanakutana wiki ya kwanza, wanaandika upya kanuni ya kuingia, na bango linabanduliwa siku hiyohiyo mbele ya wauguzi wa zamu zote mbili. Viti sita vyenye mgongo wa kuegemea vinapatikana kabla ya mafunzo. Muuguzi mmoja mzoefu anakaa na kila mwenzake mara mbili kumhamisha mtoto mwenye mrija, mchana na usiku. Safu moja inaongezwa kwenye chati ya mtoto kwa ajili ya saa za kubebwa, na mama mwenyewe ndiye anayeijaza. Namba za wiki zinasomwa kwenye makabidhiano ya zamu ya Jumatatu, na mwishoni mwa kila robo mwaka timu inarudi kwenye maswali ya kiunzi ilichokichagua, ikianzia na lile la nani bado hajafikiwa: mapacha, watoto ambao mama zao wamelazwa wodi nyingine, na wale ambao mama zao wamefariki.